Kadi ya kati au kadi kubwa? Jibu kwa kijana mwenye milioni 4 na monita ya inchi 24

Swali: "Shikamoo kaka. Niko Tabata, Dar es Salaam. Nina kompyuta niliyoiunga mwenyewe mwaka 2022: prosesa Ryzen 5 5600, mazabodi ya B450, RAM GB 16, pawasaplai ya wati 650, kadi ya zamani GTX 1650, na monita ya inchi 24, 1080p, hezi 144. Nacheza Valorant na FC na washkaji, lakini ninachokipenda hasa ni gemu za hadithi kama Cyberpunk 2077 na Black Myth: Wukong, ambazo kwa kadi hii zinanikatisha tamaa. Kwa mwaka na nusu nimeweka akiba ya shilingi milioni 4. Nilipanga kununua RTX 5060 Ti, ila rafiki yangu ananiambia nisipoteze hela kwenye kadi ya kati. Nijikaze nichukue RTX 5080 mara moja, nikae nayo miaka sita bila kusumbuka. Nifuate lipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Umenitajia vifaa vyako vyote, na hilo limenirahisishia kazi. Wengi huniuliza tu "kadi gani nzuri", utadhani kadi hufanya kazi peke yake.

Jibu langu ni hili: chukua kadi ya kati, ila iwe yenye kumbukumbu ya GB 16, na sehemu ya pesa itakayobaki inunue monita mpya. RTX 5080 ni kadi nzuri sana, sina neno nayo. Lakini kwa meza yako ilivyo leo, sehemu kubwa ya nguvu utakayoilipia haitafika machoni pako. Na hiyo miaka sita ya rafiki yako nitaifikia, kwa sababu ndiyo hoja inayowagharimu vijana wengi.

Naanza na monita. Skrini ya 1080p ina pikseli 2,073,600. Ya 1440p ina 3,686,400. Ya 4K ina 8,294,400, mara nne kamili ya hiyo yako. Kazi kubwa ya kadi ya michoro ni kukokotoa rangi ya kila pikseli, makumi ya mara kila sekunde. RTX 5080 ina viini vidogo vya kukokotoa 10,752, na kumbukumbu yake hupitisha GB 960 kwa sekunde. RTX 5060 Ti ina viini 4,608 na hupitisha GB 448. Ziweke zote mbili mbele ya televisheni ya 4K na kubwa itaizidi ndogo karibu mara mbili. Hapo unaiona pesa yako. Ziweke mbele ya monita yako na pengo linasinyaa, kwa sababu kuna mwenzake anayechelewesha kazi.

Huyo mwenzake ni prosesa. Umewahi kusimama kwenye ujenzi ukaona fundi mwashi na saidia fundi? Saidia fundi anachanganya udongo, anabeba tofali, anampandishia fundi juu. Fundi akiwa mzoefu sana lakini tofali zinamfikia kumi kwa dakika, atajenga tofali kumi kwa dakika, na muda uliobaki atasimama na mwiko mkononi. Kwenye gemu, prosesa ndiyo saidia fundi. Inakokotoa nani yuko wapi, risasi imepita wapi, mlango upi umefunguka, kisha inaiandalia kadi orodha ya vitu vya kuchora. Ryzen 5 5600 ni prosesa nzuri ya bei nafuu, ina viini sita, na inamtosha kabisa fundi wa daraja la kati. Ukimletea RTX 5080 kwenye 1080p, kadi itamaliza kuchora mapema na kusubiri orodha inayofuata.

Kuna kijana aliwahi kuniletea kompyuta yenye RTX 4080 iliyochomekwa juu ya prosesa ya zamani ya viini vinne. Alikuwa na hakika kadi ni mbovu, kwa sababu gemu ilikuwa ikikwamakwama kila anapoingia mjini. Nikamfungulia MSI Afterburner, programu ya kupima kazi ya kadi na prosesa, nikamwonyesha: kadi ilikuwa ikitumika kwa asilimia arobaini na kitu tu, prosesa imejaa mia kwa mia. Kadi haikuwa na kosa lolote. Alikuwa ameuza pikipiki kuinunua, na mpaka leo nikikumbuka ile sura yake naumia.

Wewe unaweza kujipima kabla hujatoa hata shilingi, kwa hiyo kadi ndogo uliyonayo. Weka Afterburner, iwe inakuonyesha asilimia ya matumizi ya kadi na idadi ya fremu, yaani picha zinazochorwa, kwa sekunde. Fungua gemu unayoipenda, shusha ukubwa wa picha hadi 1280 kwa 720, na kama gemu ina FSR (mbinu ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza), iwashe kwenye ngazi ya chini kabisa ya ubora. Idadi ya watu mtaani na umbali wa kuona usiviguse, maana hivyo vinamlemea prosesa na ndiye tunayempima. Picha itakuwa mbaya, usijali. Nenda sehemu yenye pilikapilika nyingi, usome namba. Matumizi ya kadi yakishuka chini ya asilimia 90, basi fremu unazoziona ndizo dari la prosesa yako: hata ukichomeka kadi ya milioni kumi, kwenye gemu ile hutalipita. Yakibaki 99, kadi yako bado ndiyo inayochelewesha na dari liko juu zaidi ya hapo. Kwenye Valorant utaliona mara moja. Kwenye Black Myth huenda GTX 1650 ikalemewa hata kwa 720p, nalo ni jibu pia: hiyo ni gemu inayokula kadi kuliko prosesa.

Kuhusu kasi, jicho nalo lina mipaka yake. Ukitoka fremu 60 kwa sekunde kwenda 144, muda wa kila fremu unashuka kutoka milisekunde 16.7 hadi 6.9. Karibu milisekunde kumi, na mtu yeyote anahisi tofauti mara tu anapoishika mausi. Ukitoka 144 kwenda 240 unaokoa milisekunde 2.8, na monita yako ya hezi 144 haiwezi hata kuzionyesha fremu hizo zote. Kwa gemu za hadithi, fremu 70 au 80 zilizotulia zinapendeza kuliko 150 zinazoruka na kushuka. Tafuta utulivu kwanza.

Sasa hoja ya rafiki yako, nunua kubwa ukae nayo miaka sita. Naielewa, na simwiti mjinga. Ndivyo wazazi wetu walivyonunua vitu: friji moja, redio moja, miaka ishirini. Tatizo ni kwamba kadi za michoro huzeeka kwa ukoo, hazizeeki kwa bei. Tazama historia. GTX 1060 ilitoka Julai 2016 kwa dola 249. Kaka yake wa ukoo huohuo, GTX 1080 Ti, alitoka Machi 2017 kwa dola 699. Mwezi Oktoba 2025 Nvidia walisitisha programu mpya za kuendeshea kadi kwenye gemu kwa ukoo mzima, na kuwaachia masasisho ya usalama tu. Wa dola 249 na wa dola 699 walifungiwa mlango siku moja. Tena, gemu kama Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 zinadai kadi yenye vifaa vya kufuata miale ya mwanga, na 1080 Ti haina, hata ikiwa na nguvu kiasi gani.

Au chukua RTX 3090, iliyoingia sokoni Septemba 2020 kwa dola 1,499. Miaka miwili baadaye Nvidia wakaleta DLSS 3, ambayo hutunga fremu za ziada katikati ya fremu za kweli, na wakaifungia kwenye mfululizo wa 40 peke yake. RTX 4060 ya dola 299 ikaipata. Mwenye 3090 akabaki mtazamaji.

Na kwa nguvu tupu? RTX 2080 Ti mwaka 2018 iliuzwa na Nvidia wenyewe kwa dola 1,199. Oktoba 2020 ikaja RTX 3070 kwa dola 499, na kwenye vipimo zikawa sambamba. Aliyejibana akanunua kadi ya kati 2018, akaiuza 2020 na kuongeza kidogo, alifika palepale alipokuwa mwenye kadi kubwa, na pesa nyingine iko mfukoni.

Lazima niseme na upande wa pili, maana nikiuficha nitakuwa nimekudanganya. Mwendo huo umepungua. RTX 4060 Ti ya 2023 iliipita RTX 3060 Ti ya mwisho wa 2020 kwa hatua ndogo sana, na wengi tulisikitika. Mwenye 1080 Ti naye alifaidi miaka mingi ya raha kabla mlango haujafungwa. Kwa hiyo rafiki yako hajakosea kusema kwamba kadi kubwa hukawia kuchoka. Inakawia. Lakini tofauti ya bei ya kutangazwa kati ya RTX 5080, dola 999, na RTX 5060 Ti ya GB 16, dola 429, ni dola 570. Kiasi hicho kinanunua kadi nyingine kamili ya kati huko mbele, yenye teknolojia ya wakati huo, na bado hujaiuza ile ya kwanza. Pesa ya kadi kubwa hununua pikseli. Ukiitumia kununua miaka, unailipia ghali mno.

Kuna jambo moja ambalo kadi ya kati ikilikosa hata mimi nitakukataza, nalo ni kumbukumbu. Rudi kwenye ule mfano wa 3070 na 2080 Ti. Nilisema zilikuwa sambamba, na 2020 ndivyo ilivyokuwa. Ila 2080 Ti ilikuwa na GB 11 na 3070 ina GB 8. Machi 2023 The Last of Us Part I ilipofika kwenye kompyuta, kadi za GB 8 zilishindwa kubeba picha za ubora wa juu, zikawa zinakwama, wakati kadi zenye kumbukumbu kubwa zaidi zilipita.

Kinachotokea ni hiki. Sura za kuta, nguo, ngozi na ardhi hukaa kwenye kumbukumbu ya kadi. Ikijaa, kadi huazima nafasi kwenye RAM ya kawaida, na njia ya kwenda huko ni finyu. RTX 5060 Ti huwasiliana na mazabodi kwa njia nane tu, si kumi na sita. Kwenye mazabodi yako ya B450, ambayo mawasiliano yake na kadi ni PCIe ya kizazi cha tatu, njia nane hupitisha karibu GB 8 kwa sekunde. Linganisha na zile GB 448 za ndani ya kadi yenyewe. Ni kama kutoka barabara ya Morogoro kwenye njia nne ukaingizwa kwenye kichochoro cha Manzese. Gari ni lilelile, lakini unatembea. Ndiyo maana toleo la GB 8 la kadi hii, kwa mazabodi yako hasa, nakuomba usilisogelee hata likishushwa bei. Ukiwa na GB 16, kumbukumbu haijai, kwa hiyo kichochoro hukipiti mara kwa mara.

Hapo nikutajie kadi ambayo hukuiuliza: RX 9060 XT ya GB 16 kutoka AMD. Ilitoka Juni 2025 kwa bei ya kutangazwa ya dola 349, inatumia njia zote kumi na sita, na inakula kama wati 160. Kwenye gemu za kawaida inakaribiana sana na RTX 5060 Ti. Nvidia wanaizidi kwenye kufuata miale, kwenye idadi ya gemu zinazotumia DLSS (hapa ni mbinu yao ya kukuza picha), na kwa mtu anayehariri video au kutumia Blender, programu ya michoro ya 3D. Ungekuwa na mazabodi ya B550, ambayo njia zake zina kasi zaidi, na unahariri video, ningekuambia nenda na 5060 Ti bila kufikiri. Kwa B450 na gemu tupu, mimi ningechukua hiyo ya AMD, na chenji ningeiweka kwenye monita. Lakini bei za dukani kwetu hazifuati bei za kutangazwa. Mzigo una usafiri, una VAT ya asilimia 18, na muuzaji naye ana watoto. Ukikuta Kariakoo 5060 Ti ya GB 16 imekaribiana na 9060 XT ya GB 16, chukua yoyote kati ya hizo mbili ulale usingizi.

Monita nayo nataka uielewe vizuri, kwa sababu ndipo utakapoona mabadiliko makubwa kuliko popote. Monita ya inchi 27 ya 1440p ina pikseli nyingi zaidi kwa kila inchi kuliko hiyo ya inchi 24, licha ya kuwa kubwa. Maandishi yanakaa sawa, majani ya mbali hayawi ukungu. Utasema: si umesema pikseli nyingi zinailemea kadi? Zinailemea, kama ukichora zote. DLSS na FSR 4 zinachora picha ndogo kisha kuikuza kwa akili bandia. Kwenye 1440p, ngazi yao ya ubora huchora ndani kwa ndani kama pikseli 1707 kwa 960, jumla takriban milioni 1.64. Hiyo ni kazi pungufu ya 1080p halisi unayoichora leo. Kuna gharama kidogo ya kukuza, lakini picha inayotoka ni nzuri kuliko ya monita yako ya sasa. Kadi ya kati kwenye monita ya 1440p, kwa maoni yangu, inampendeza mchezaji kuliko RTX 5080 kwenye 1080p. Nimeziona zote mbili mezani, na sisiti kulisema hilo.

Ukianza kusoma matangazo, kuwa macho na hizo fremu za kutungwa. Januari 2025 Nvidia walisimama jukwaani wakasema RTX 5070 ya dola 549 inatoa utendaji wa RTX 4090. Hesabu ile ilijumlisha fremu ambazo kadi inazitunga yenyewe, hadi tatu kwa kila moja ya kweli. Fremu hizo hulainisha mwendo machoni, lakini mkono wako unaendelea kuhisi kasi ya fremu za kweli. Ukiwa na fremu 60 za kweli, kuzitunga nyingine kunapendeza. Ukiwa na 25 za kweli, utaona namba 90 pembeni na gemu bado nzito kama inaendeshwa ndani ya uji. Kwa hiyo kwenye chati yoyote, uliza kwanza namba ya fremu za kweli.

Sasa umeme, ambao vipimo vya Ulaya na Marekani huupitia juu juu kwa sababu haviishi Tabata. RTX 5080 ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula wati 360. RTX 5060 Ti, wati 180. Ukicheza saa nne kwa siku, mwezi mzima, ya kwanza inaweza kufika unit 43 na ya pili 21 na kitu, kadi peke yake, bila prosesa, monita wala feni ya chumbani. Kwa bei ya kawaida ya LUKU, ambapo shilingi 1,000 inakupa kama unit 2.8, tofauti hiyo ni shilingi elfu saba na mia kadhaa kwa mwezi. Haitakufilisi. Lakini kama nyumbani mko kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile ya hadi unit 75 kwa mwezi, kadi ya unit 43 inaweza kuisukuma familia nzima nje ya tarifu hiyo, na hapo mama ndiye atakayekuuliza, si mimi.

Joto linafuata umeme. Wati zote hizo hatimaye huishia kuwa hewa ya moto chumbani mwako. Wati 360 ni zaidi ya theluthi moja ya pasi ya wati 1,000, imewashwa saa nne mfululizo, mwezi wa Februari, dirisha limefungwa kwa ajili ya mbu. Kadi ikipata joto sana hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, kwa hiyo ulicholipia kinapungua tena. Hiyo ya wati 160 au 180 itapoa kwa keisi ya kawaida yenye feni mbili mbele na moja nyuma. Safisha vumbi kila baada ya miezi miwili au mitatu. Vumbi la Dar likichanganyika na unyevu wa bahari linaganda kwenye mapezi kama lami.

UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, nayo uitazame. Wengi wananunua ile ya VA 650 wakidhani ni wati 650. Nyingi za namna hiyo hutoa wati chini ya 400. Kompyuta yako ikiwa na kadi ya kati itakaa humo. Ikiwa na RTX 5080 katikati ya gemu, umeme ukikatika UPS italia mara moja na kuzima, faida yake yote imepotea. Pawasaplai yako ya wati 650 inatosha kwa hizo kadi mbili za kati; kwa RTX 5080 Nvidia wanapendekeza wati 850. Kwa hiyo kadi ile kubwa ingekudai pawasaplai mpya, huenda na keisi mpya, kwa sababu matoleo mengi ya kadi hiyo yana urefu wa sentimita 30 au zaidi na unene wa kuziba nafasi tatu. Nenda kapime keisi yako kwa rula kabla ya kununua kadi yoyote. Rula ni bure.

Je, kuna mtu ambaye ningemwambia achukue RTX 5080? Yupo. Anayecheza kwenye televisheni ya 4K ya inchi 55 sebuleni. Anayevaa miwani ya uhalisia pepe. Anayetengeneza michoro ya 3D na kulipwa kwayo, kwa sababu kwake saa mbili zilizookolewa ni pesa. Na yule ambaye tayari ana prosesa ya juu na monita ya 1440p ya hezi 240, akataka Cyberpunk iwe na miale yote imewashwa. Picha ile ni nzuri mno, na kadi ya kati haiifikishi bila kukata kona. Kwa maelezo yako, wewe hujawa mmoja wao.

Milioni 4 yako ningeipanga hivi. Kwanza kadi ya kati ya GB 16. Pili monita ya inchi 27, 1440p, kioo cha IPS, hezi 144 au zaidi, yenye kubadilisha kasi kulingana na kadi, yaani FreeSync. Tatu, kama gemu zako bado ziko kwenye diski ya kuzunguka, SSD ya NVMe ya terabaiti moja; Cyberpunk inadai SSD, na Black Myth inaipendekeza. RAM ya GB 16 inatosha kwa sasa, ila hakikisha ni vijiti viwili vya 8 na si kimoja cha 16, kwa sababu Ryzen inapoteza kasi ikiwa na kijiti kimoja. Kitakachobaki kirudishe benki. Baada ya miaka mitatu kitakuwa mbegu ya kadi nyingine.

Kadi iliyotumika sikushauri kwa fedha hii, lakini nakujua utapita kuchungulia, kwa hiyo tahadhari. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za michoro tarehe 15 Septemba 2022, na kadi nyingi zilizokuwa zimewaka usiku na mchana zikamwagwa sokoni duniani kote, bado zinazunguka. Kuna pia RX 580 yenye viini 2,048 badala ya 2,304, ambayo kwa hakika ni RX 570 kwa jina la kaka yake. Na kuna kadi za zamani zilizobadilishwa jina kwa programu. Nenda na flashi yenye GPU-Z, programu ya kuitambua kadi, muombe muuzaji aichomeke kadi mbele yako na uifungue. Ikikuta kadi ya bandia iliyobadilishwa jina huandika onyo kwenye jina lenyewe. Muuzaji akikataa, mshukuru uondoke.

Hata kwa kadi mpya, soma boksi kwa makini. RTX 5060 Ti na RX 9060 XT zote zina matoleo mawili yenye jina lilelile, moja GB 8 na jingine GB 16, na boksi zinafanana kabisa. Risiti iandikwe GB 16 kwa namba, pamoja na muda wa waranti na nani anayeitekeleza, duka au kiwanda. Ukifika nyumbani, kabla ya kuchomeka, ingiza toleo jipya la BIOS (programu ya msingi) ya mazabodi yako, na waya za umeme za kadi zitoke kwenye pawasaplai moja kwa moja, zisukumwe hadi zilie "tiki".

Fanya kile kipimo cha 720p jioni ya leo kisha uniandikie namba za Cyberpunk: fremu kwa sekunde na asilimia ya matumizi ya kadi. Zikionyesha kwamba prosesa inafika dari chini ya fremu 70, nitakuelekeza kwenye Ryzen 7 5700X3D, ambayo inakaa kwenye mazabodi hiyohiyo, kama bado utaipata sokoni.